Kinga Inapomgeukia Mwenyewe: Mhadhara juu ya Dawa za Kuituliza katika Maradhi ya Ngozi



Katika maradhi yote yampatayo mwanadamu hapana yaonekanayo upesi kuliko ya ngozi, wala hapana yahukumiwayo sana bila ya maarifa; maana mwenye moyo dhaifu aweza kupita sokoni akaamkiwa kama wenziwe, na mwenye ini lililoharibika aweza kuketi karamuni asiulizwe neno, lakini aliyetokwa na mabaka ya magamba viwikoni na magotini, au aliyefunikwa na malengelenge kifuani na mgongoni, hutazamwa na kila apitaye, na kila atazamaye hujipa hukumu yake: huyu ana ukoma, huyu amelogwa, huyu amerithi laana ya ukoo, huyu asinywee kata moja na watoto. Nimeombwa nizungumze leo juu ya dawa zinazotuliza kinga ya mwili, jambo ambalo laweza kusikika kama shauri la matabibu peke yao, nami nimependelea kuanza na watu hawa kwa sababu dawa hizo ni zao, na kwa sababu dhuluma waipatayo kwa majirani mara nyingi huwauma kuliko kuwashwa na kuchubuka.

Maradhi nitakayoyataja hayaambukizi. Soriasisi haiambukizi, pumu ya ngozi haiambukizi, lupasi haiambukizi, wala pemfigasi, ambayo huwatia watu hofu kubwa kwa malengelenge yake, haimtoki huyu kumwingia yule kwa mkono, kwa nguo wala kwa sahani. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya soriasisi, likatambua kuwa ni maradhi ya kudumu, yasiyoambukiza, yenye maumivu, yenye kuumbua na kulemaza, na likazitaka nchi wanachama zipigane na ubaguzi wanaofanyiwa wenye nayo. Wala sisi tusidhani kuwa maradhi hayo ni ya nchi za baridi, kwani waliolinganisha hospitali za bara hili wameona kuwa soriasisi huonekana zaidi Afrika ya Mashariki kuliko Afrika ya Magharibi. Mgonjwa wa kwetu anayeambiwa na jamaa zake kuwa ana maradhi yasiyojulikana ana maradhi yanayojulikana sana, na yana dawa.

Asili ya maradhi haya, ijapokuwa sura zake ni mbalimbali, ni jamii moja. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kutambua kilicho kigeni na kukiangamiza, hukosea ikamgeukia mwenyewe, au huchochewa na jambo dogo ikashindwa kutulia. Seli za ngozi huzaliwa tabaka la chini na kupanda juu kwa taratibu, safari ichukuayo kadiri ya mwezi mmoja. Mwenye soriasisi, kwa kuwa seli nyeupe za damu yake zimekusanyika ngozini na kumwaga vichocheo vya uvimbe bila ya kukoma, seli hizo hupanda katika siku chache tu, zikafika juu hazijapevuka, zikarundikana magamba meupe. Katika pemfigasi mwili hutengeneza kingamwili zinazoshambulia protini zenye kuzishikanisha seli za ngozi, hata seli huachana na maji yakajaa baina yake. Aghalabu vidonda huanza kinywani, na mgonjwa hutibiwa kwa miezi kama mwenye vidonda vya kawaida vya kinywa mpaka ngozi yenyewe inapoanza kuambuka. Lupasi haitosheki na ngozi, bali hufika viungoni na kwenye figo. Pumu ya ngozi huungana na udhaifu wa ngozi yenyewe, isiyoweza kuzuia unyevu wake usitoke wala vumbi na vijidudu visiingie, na huo mara nyingi huwa urithi wa nasaba.

Yafaa nikae kidogo juu ya jambo lisilozungumzwa vya kutosha katika vyuo vyetu. Vitabu vingi vya tiba viliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe, na ndani yake mwanafunzi husoma kwamba alama ya kwanza ya uvimbe ni wekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hufichika. Badala yake hutokea rangi ya zambarau, au ya kijivu, au weusi uliokolea kuliko ngozi ya jirani, hata tabibu asiyezoea akaandika kuwa maradhi ni mepesi hali mgonjwa anaungua. Kisha maradhi yanapotulia huacha madoa, mengine meusi na mengine meupe, yakaayo miezi mingi na pengine mwaka na zaidi, na mgonjwa, ambaye hakuambiwa habari hii tangu mwanzo, hudhani kwamba dawa imeshindwa, akaomba iongezwe. Na tabibu asiyeyatambua madoa kuwa ni madoa huiongeza. Basi mtu aliyekwisha pona hunyweshwa dawa kali kwa ajili ya kivuli cha ugonjwa. Kidole cha tabibu kipitishwe juu ya doa: penye unene, magamba na joto pana ugonjwa, na palipo laini kama ngozi nyingine ni athari iliyobaki, nayo haihitaji kingine ila muda, na kujikinga na jua.

Sasa niingie katika habari ya dawa zenyewe. Hadi katikati ya karne iliyopita matabibu walikuwa na lami, na mafuta, na salisili, na jua, na subira. Na mwenye pemfigasi, ukimtibu kwa vyote hivyo, aghalabu alikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, kwani mtu asiye na ngozi hupoteza maji na kuingiwa na vijidudu kama aliyeungua kwa moto. Mwezi Septemba 1948, katika hospitali ya Mayo mjini Rochester, nchini Marekani, tabibu Philip Hench alimdunga mwanamke mmoja mwenye baridi yabisi kali, asiyeweza kutembea, dawa iliyotokana na utafiti wa mwenziwe Edward Kendall juu ya tezi ndogo zilizo juu ya figo, na baada ya siku chache mwanamke yule akaenda kwa miguu yake. Dawa hiyo ni kotisoni. Miaka miwili tu ikapita, na mwaka 1950 watu hao wawili, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, wakatunzwa nishani ya Nobel. Matabibu wa ngozi hawakukawia kuijaribu, na wenye pemfigasi waliokuwa wakingoja mauti wakaanza kufunga vidonda. Na mwaka 1952 Marion Sulzberger na Victor Witten wakathibitisha kuwa jamaa ya dawa hiyo, haidrokotisoni, yafaa hata ikipakwa juu ya ngozi tu.

Furaha ile ilikuwa ya haki, lakini ilizidi kadiri. Haukupita muda mrefu wagonjwa waliorejeshewa ngozi zao wakaonekana na nyuso zilizovimba zikawa duara, na shinikizo la damu, na sukari, na mifupa iliyolegea ikavunjika kwa kuanguka kudogo, na maradhi ya kuambukiza yaliyokuwa yamelala yakaamka. Nahodha aliyekamatwa na upepo mkali hashushi tanga zote akauacha mwili wa chombo uchezewe na mawimbi. Hushusha tanga kubwa akapandisha dogo, na macho yake hayatoki mawinguni, na upepo unapopungua hurudisha tanga alilolishusha. Ndivyo ipasavyo kutuliza kinga: kwa kadiri, kwa muda, na kwa kutazama. Mwenye kutuliza kinga bila ya kutazama hakutibu, hata kama vipele vimepotea.

Haja ya kupata dawa ambayo ingepunguza matumizi ya kotisoni na jamaa zake ndiyo iliyotuletea methotreksati, na kisa chake nakipenda kwa sababu kinaonyesha namna ilimu ipitavyo njia asizoziwaza mtu. Bibi Lucy Wills, tabibu Mwingereza, alikwenda Bombay, nchini Uhindi, mwaka 1928 kuchunguza upungufu wa damu uliowaua wanawake wajawazito, wengi wao wafanyakazi maskini wa viwanda vya nguo, akagundua kuwa kitu fulani kilichomo katika hamira kiliwaponya. Kitu hicho kikaja kujulikana kuwa ni asidi ya foliki, ambayo seli haiwezi kugawanyika bila yake. Yellapragada Subbarow, Mhindi aliyekuwa akifanya kazi Marekani katika maabara ya Lederle, pamoja na wenziwe, wakaweza kuitengeneza. Kisha wakatengeneza vitu vinavyofanana nayo kwa umbo na kuipinga kwa kazi, na kimojawapo, aminopterini, Sidney Farber wa Boston akakitumia mwaka 1948 kwa watoto wenye saratani ya damu, wakapata nafuu, japo ya muda, ambayo kabla ya hapo haikupata kuonekana. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1951, Richard Gubner na wenziwe walipokuwa wakiwapa aminopterini wagonjwa wa baridi yabisi, waliona kwamba wale waliokuwa na soriasisi pia walitakasika ngozi. Methotreksati, ndugu wa aminopterini aliye na madhara machache zaidi, ikarithi kazi hiyo, nayo mpaka leo ni nguzo ya kutibu soriasisi kali duniani kote, kwa kipimo kidogo mno kuliko kile cha saratani. Wanawake wa Bombay walioteseka kwa kukosa foliki ndio, kwa njia ndefu, waliomfungulia mlango mgonjwa wa Tanga au Kisumu ambaye leo hupungukiwa na magamba kwa dawa inayoipinga foliki ile ile.

Saiklosporini nayo ilitoka katika udongo uliokusanywa katika nyanda za juu za Hardangervidda, nchini Norway, ambamo mliishi kuvu mdogo. Watu wa kampuni ya Sandoz ya Basel walikuwa wakitafuta dawa za kuua vijidudu, na mwaka 1972 katika maabara ya Jean-François Borel ikadhihirika kuwa kitu kile kina nguvu ya kutuliza kinga. Kikawafaa sana waliopandikizwa figo, na mwaka 1979 ikaandikwa kwamba chasafisha soriasisi. Hufanya kazi upesi, katika majuma machache, na kwa hiyo hufaa ngozi inapowaka mwili mzima. Lakini huzidhuru figo na kupandisha shinikizo la damu, basi haifai kuendelezwa miaka. Azathioprini, iliyotoka katika kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, hutumika zaidi katika pemfigasi na lupasi ili kipimo cha prednisoloni, jamaa ya kotisoni, kipunguzwe. Sina haja ya kuzieleza zote.

Nimekuja kusema jambo moja hasa, nalo ni hili: dawa hizi zimeandikwa na kupimwa kwa sehemu kubwa katika nchi ambazo maradhi yaliyolala miilini mwa watu si yale yaliyolala miilini mwetu, kwa hiyo kuzitumia kwa usalama katika Afrika ya Mashariki kwataka uangalizi uliotungwa kwa hali ya hapa, na uangalizi huo ni sehemu ya dawa kama kidonge chenyewe.

Fikirini kifua kikuu. Wako wengi kati yetu ambao vijidudu vyake viliwaingia zamani, kinga ikavizingira, vikakaa kimya mapafuni bila ya mtu kukohoa hata mara moja. Na kinga inapotulizwa kwa prednisoloni ya kipimo kikubwa kwa majuma mengi, vijidudu vile hupata nafasi viliyoikosa miaka yote. Kwa hiyo kabla ya kuanza yapasa kuuliza habari za kikohozi, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, na habari za aliyepata kuugua nyumbani; picha ya kifua ipigwe, na panapostahili mgonjwa apewe dawa ya kuzuia, kama isoniazidi, ikiandamana na ile ya ngozi. Kisha kuna mnyoo mdogo aitwaye strongiloidi, aingiaye kwa nyayo za wapitao pekupeku juu ya udongo wenye unyevu, mwenye tabia ambayo minyoo wengine wengi hawana: huzaliana ndani ya mtu yule yule, kizazi baada ya kizazi, hata akakaa naye miongo ya miaka bila ya dalili za kushtua. Mtu huyo akipewa prednisoloni kwa ajili ya malengelenge yake, mnyoo huzaana bila ya kizuizi, akatoka matumboni na kuenea mapafuni na hata ubongoni, akibeba bakteria wa utumbo, na mgonjwa hufa huku ngozi yake ikiwa imeanza kupona. Dawa ya mnyoo huyu ni ivamektini, vidonge vichache tu, na tabibu wa kwetu anayeanzisha prednisoloni ya muda mrefu bila ya kumfikiria mnyoo huyu ameacha mlango wazi.

Huo ndio mfano wa uangalizi usioandikwa kwa herufi kubwa katika vitabu vya Ulaya. Kadhalika homa ya ini ya aina B, ambayo wengi huibeba bila ya kujua na ambayo huweza kulipuka kinga ikilegezwa. Kadhalika virusi vya UKIMWI, kwani soriasisi ya ghafula iliyo kali kupita kiasi yaweza kuwa ndiyo alama ya kwanza ya maambukizi hayo, na mgonjwa wa namna hiyo hutibiwa kwanza kwa dawa za kupunguza makali ya virusi, ambazo mara nyingi huituliza na ngozi pia. Kadhalika chanjo: chanjo ya homa ya manjano, ambayo wasafiri wengi wa nchi hizi hutakiwa kuwa nayo, ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na haimfai aliyetulizwa kinga; basi mwenye safari na achanjwe kabla ya kuanza dawa, na aliyekwisha anza achukue barua ya tabibu.

Nije kwenye kosa linaloniumiza moyo kuliko yote, kwa kuwa laua na laweza kuzuiwa kwa kalamu. Methotreksati ya soriasisi hunywewa mara moja kwa juma. Si mara moja kwa siku. Mara moja kwa juma. Kwa wagonjwa wengi ni vidonge vichache vya miligramu 2.5, vyote vikinywewa siku moja, na siku nyingine mtu anywe asidi ya foliki kupunguza madhara. Lakini dirisha la dawa katika hospitali zetu limezoea kuandika juu ya bahasha kwa tarakimu, kimoja mara tatu, viwili mara mbili, na kila mtu, aliyesoma na asiyesoma, amefundishwa tangu utotoni kuwa maana yake ni kila siku. Mgonjwa huipokea bahasha ile, anywa methotreksati Jumatatu, anywa Jumanne, anywa Jumatano, kwa utiifu na kwa nia njema, na katika siku chache kinywa chake chajaa vidonda, uboho wake waacha kutengeneza damu, homa yaja, na hakuna aliyeasi amri hata moja. Na iandikwe kwa maneno, si kwa tarakimu: kila Ijumaa jioni tu, au siku yoyote waliyoafikiana, mgonjwa airudie kwa kinywa chake mbele ya mtoaji dawa, na asipewe vidonge vya zaidi ya mwezi mmoja mwanzoni. Ahadharishwe kuwa vidonda vya kinywani, homa, kikohozi kikavu cha ghafula au kutoka damu ni ishara ya kuacha mara moja na kwenda hospitali usiku ule ule. Pombe aiache, kwa ajili ya ini lake. Na damu yake ipimwe kabla ya kuanza, kisha mara kwa mara, kuhesabiwa chembe zake na kutazamwa ini na figo.

Kwa wanawake wenye umri wa kuzaa jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa methotreksati huharibu mimba na huwalemaza watoto tumboni; mwanamke asipewe kabla ya kuulizwa kwa stara, peke yake, si mbele ya mama mkwe, kama ana mimba au anaitaka, na kabla ya kupata njia ya uzazi wa mpango anayoiamini. Mwenye kutaka mtoto ana njia nyingine: prednisoloni, na pengine azathioprini, zaweza kutumiwa katika mimba chini ya uangalizi wa tabibu. Swali hili huwatia haya matabibu vijana wa kiume, nami nawasihi waishinde haya hiyo.

Prednisoloni ina kosa lake jingine, nalo ni kuachwa ghafula. Mwili uliopewa dawa hii kwa majuma mengi huacha kutengeneza ya kwake, na ukinyimwa kwa siku moja hauna cha kutegemea. Mtu huzimia, hutapika, shinikizo la damu humwanguka, naye aweza kufa. Kila mwezi wa Ramadhani hutokea wagonjwa wacha Mungu waliojiamulia kuviacha vidonge tangu siku ya kwanza ili wasiharibu funga, ilhali kipimo cha mara moja kwa siku chaweza kunywewa wakati wa daku, na methotreksati ya juma huwekwa usiku baada ya kufuturu bila ya taabu yoyote. Na yule ambaye hali yake haimruhusu kufunga, mgonjwa ana rukhusa yake katika sheria. Lililobaki ni kwamba tabibu na shehe wazungumze, na mgonjwa asiachwe achague peke yake gizani. Kuna na jambo la kitabibu ambalo wengi hawalijui: mwenye soriasisi asitibiwe kwa vidonge vya prednisoloni kama mazoea, maana vikiondolewa ugonjwa waweza kurudi kwa ghadhabu, mwili wote ukajaa vipele vya usaha.

Yako pia madhara ya dawa hizi zinazopakwa, ambayo nayataja kwa huzuni kwa kuwa hayatoki hospitalini. Klobetasoli na betamethasoni, malhamu za jamaa ya kotisoni zenye nguvu kubwa zilizokusudiwa kwa mabaka manene na kwa siku chache, huuzwa madukani kama mafuta ya urembo, huchanganywa katika mkorogo, hupakwa uso mzima asubuhi na jioni kwa miaka. Ngozi huwa nyembamba hata mishipa ikaonekana, huchanika mapajani na kwapani, chunusi hujaa, nywele huota penye uso laini wa mwanamke, na anayejaribu kuacha huungua uso mpaka akarudia. Na wenye choa hupaka malhamu hiyo hiyo kwa sababu huondoa mwasho usiku wa kwanza. Kumbe kuvu hustarehe chini yake, akaenea mwili bila ya ule mviringo wake wa kawaida, na tabibu anayeitwa mwisho hamtambui. Mimi nasadiki kuwa muuzaji anayeuza klobetasoli kama sabuni ya uso anatoa dawa ya kutuliza kinga kwa mtu asiye na ugonjwa, na sheria imtazame hivyo.

Nimezungumza hatari nyingi, na nisingependa mtu atoke hapa akiamini kuwa salama ni kutozitumia. Hofu nayo ina wafu wake. Mwenye pemfigasi anayepewa kipimo kidogo kwa woga, au anayezungushwa zahanati hata zahanati kwa mafuta na vidonge vya vijidudu, hufa kwa ugonjwa unaotibika. Mgonjwa wa ukoma ambaye bakteria wake wamekwisha uawa na dawa mseto aweza, katikati ya matibabu au hata baada yake, kushikwa na mchafuko wa kinga unaozivimbisha neva. Mabaka ya zamani huvimba, kiganja hulegea, jicho hushindwa kufumba. Huyu hahitaji dawa zaidi za kuua bakteria, ahitaji prednisoloni kwa miezi kadhaa, na ahitaji sasa, kwa kuwa neva iliyodhoofika chini ya miezi sita yaweza kurejea na iliyokaa zaidi aghalabu hairejei. Vidole vingi vilivyopotea katika nchi hizi havikuliwa na ukoma wenyewe. Vilipotea kwa sababu ya kinga iliyoachwa iunguze neva, na mkono usiohisi ukashika sufuria ya moto.

Nimeulizwa na wengine juu ya dawa mpya za sindano, protini zilizotengenezwa maabarani ambazo hazitulizi kinga yote bali huzuia kichocheo kimoja au viwili tu vya uvimbe, mathalani etanasepti, au ustekinumabu, au dupilumabu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa pumu ya ngozi ya watu wazima. Ni dawa za ajabu na za kweli. Nimeona picha za miili iliyotakasika ambayo methotreksati haikuiweza. Lakini bei yake iko juu ya uwezo wa kaya zetu nyingi, zataka jokofu lisilozimika, na zile zinazozuia kichocheo kiitwacho TNF huamsha kifua kikuu kuliko wengi wanavyofikiri. Tuzidai, na tuzipiganie zishuke bei. Ila tusiwaache wagonjwa wa leo wakingoja sindano ya kesho, hali methotreksati na prednisoloni na azathioprini, zote zikiwamo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, zaweza kuwarudishia wengi ngozi na kazi na ndoa zao iwapo zitafuatwa kwa makini.

Na nani atafuata? Mabingwa wa ngozi ni wachache mno kwa idadi ya watu wetu. Ndiyo sababu mwaka 1992 Kituo cha Mafunzo ya Ngozi cha kanda kilipoanza kufundisha pale hospitali ya KCMC, Moshi, kiliwachukua maafisa tabibu, watu wa daraja la kati ambao ndio wakaao wilayani, kikawafundisha maradhi ya ngozi na ya zinaa, nao wakarudi nchi nyingi za bara hili wakifanya kazi ambayo bingwa wa mji mkuu hakuweza kuifikia. Watu hawa wapewe ruhusa na vyombo vya kuangalia dawa hizi, si kuandika tu jina la hospitali ya rufaa. Vyombo vyenyewe si vya ajabu: mizani ya kupima uzito, kipimo cha shinikizo la damu, vijiti vya kupima sukari katika mkojo, darubini ya kutazama choo na makohozi, na maabara ya wilaya iwezayo kuhesabu chembe za damu na kupima ini na figo.

Kisha mgonjwa apewe kitabu kidogo cha kwake, mfano wa kile cha kliniki ya mama na mtoto ambacho kila nyumba yakijua na kukitunza. Ukurasa wa kwanza uandikwe jina la dawa, kipimo chake, na siku ya kunywa kwa maneno. Wa pili, chanjo alizopata na zisizomfaa, na kama amepewa dawa ya mnyoo na ya kuzuia kifua kikuu. Kurasa zifuatazo, majibu ya damu, tarehe kwa tarehe. Na ukurasa wa mwisho, kwa herufi nene, dalili zinazomtaka aache dawa na zile zinazomkataza kuiacha, pamoja na namba ya simu ya kituo chake. Akisafiri kwa msiba kutoka Moshi hadi Lindi, akaugua njiani kwa homa, tabibu asiyemjua atakifungua na kuona kuwa homa hii si ya kupewa vidonge vya malaria akarudishwa nyumbani. Gharama ya kukichapa ni ndogo, na kwa wizara zenye kuchapa vitabu vya uzazi kwa mamilioni haiwezi kuwa muhali. Nami naomba wajumbe wa halmashauri waliomo ukumbini wasitoke leo kabla ya kuandikiana majina, ili rasimu yake ianze kutungwa.